Sura ya Saba: Mlango Usiolia

Asubuhi ile Mkuu wa kituo alimsifu Sajini mbele ya watu wote, na Inspekta akapiga makofi pamoja na wenzake, tena kwa nguvu, kama mtu anayeua mbu.

"Kesi imeiva," Mkuu alisema. "Mtuhumiwa yuko ndani, ushahidi uko mezani, mchana huu anasomewa shtaka la kujaribu kuua. Sajini na Msaidizi wake wamefanya kazi ya mwezi mzima kabla chai haijapoa. Wengine tujifunze."

Aliposema wengine alimtazama Inspekta. Huenda hakukusudia, lakini mwenye kidonda hugongwa hapohapo kwenye kidonda.

Msaidizi hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya akili mnemba waliyoletewa kituoni mwaka huo, yenye kusoma maelezo ya mashahidi, kuyalinganisha, na kutafuta sura za watu kwenye picha za kamera. Sajini aliishika upesi. Inspekta hakuigusa. Yeye ndiye aliyemfundisha binti huyu kazi tangu akiwa hajui hata kushika pingu: jinsi ya kuandika maelezo, jinsi ya kunyamaza mpaka shahidi achoke na kimya aanze kusema mwenyewe. Leo mwanafunzi anapigiwa makofi na mwalimu ameshika mkia. Tuseme ukweli bila kupaka rangi: Inspekta alikuwa na wivu, na wivu wenyewe ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Kipya kinyemi, kingawa kidonda," alinung'unika akitoka.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mama Gauni, mshonaji wa nguo za maharusi, alikutwa chini ya ngazi za karakana yake kichwa kimepasuka. Alikuwa hospitalini, hajazinduka bado. Wasichana wa cherehani walikuwa mapumzikoni siku hiyo, kwa hiyo kazini walikuwapo wakataji wawili tu. Wa kwanza, mama mmoja wa makamo aliyefanya kazi hapo miaka na miaka, watu wakamwita Bi Mkasi. Wa pili, kijana aliyeajiriwa mwisho, jina lake likawa Mgeni. Kamera ya duka la dawa lililo mkabala ilimwonyesha Bi Mkasi akitoka na kikapu kwenda kununua vifungo, kisha akirudi, na muda mfupi baadaye kelele zake zikajaza mtaa. Mgeni alionekana akiingia asubuhi, na hakutoka. Alidai alikuwa chumba cha pasi, redio imefunguliwa, hakusikia kitu. Lakini futi yake, ule utepe wa kupimia ambao fundi huuning'iniza shingoni, ilikutwa kwenye ngazi.

Inspekta naye alikuwa amefuata njia yake. Alimwinda mama wa bibi harusi mmoja aliyegombana na Mama Gauni juu ya gauni lililobana. Akamwinda kwa miguu, jua kali, mpaka akagundua kwamba wakati wa tukio mama huyo alikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi. Kituo kizima kilicheka. Sajini hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi.

Sasa binti huyohuyo alimfuata kwenye korido.

"Afande, nikuonyeshe jinsi Msaidizi alivyofika hapo?"

"Nipe rekodi za mahojiano."

"Muhtasari upo, nimeshauchapa."

"Sikuomba muhtasari, mwanangu. Nimeomba sauti zenyewe."

"Ni ndefu sana, afande. Saa nane kijana anapandishwa kizimbani."

"Masikio yangu ni ya zamani, lakini yanafanya kazi."

Asidanganyike mtu akadhani Inspekta alikuwa anatafuta haki. Alikuwa anatafuta kosa. Alijifungia ofisini, akavaa vile vidude vya masikioni, akaweka muhtasari wa Msaidizi mbele yake na kalamu nyekundu mkononi, kama mwalimu mwenye kinyongo anayesahihisha mtihani wa mtoto wa jirani.

Alianza na mahojiano ya Mgeni. Akasikiliza, akasoma, akasikiliza. Hakuna neno lililopotoshwa. Muhtasari ulikuwa safi, na kila ulivyokuwa safi ndivyo alivyozidi kukasirika. Akaweka ya Bi Mkasi. Hapo chini Msaidizi alikuwa ameandika: "Shahidi makini. Maelezo yana undani mwingi na hayajipingi. Kuaminika: juu sana. Sehemu zisizohusu tukio zimeachwa."

Zimeachwa. Inspekta akazitafuta hizo zilizoachwa.

Zilikuwa nyingi. Sauti ya Bi Mkasi ilikuwa ya upole, haina papara. Mgeni hutundika koti lake kwenye msumari wa pili, si wa kwanza. Mgeni hula amesimama. Mgeni akikata hariri hupiga mluzi, akikata pamba haachi kuongea. Siku ile alivaa soksi za kijivu, moja imetoboka kisiginoni. Mkasi wake hunolewa kila Jumatatu, na Mama Gauni humpa hela ya kunolea bila yeye kuomba. Mama Gauni humwita "mwanangu". Huita mara nyingi. Kisha Sajini akasikika akiuliza, "Na Mama Gauni siku hiyo alivaa nini?" Kimya. "Nguo ya kawaida," Bi Mkasi akajibu.

Inspekta akasimamisha rekodi. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

Mama huyu maisha yake yote ni nguo. Bosi wake aliyemkuta kwenye damu alivaa nguo ya kawaida, lakini soksi ya kijana inajulikana ilipotoboka.

Alimwita Sajini, akamsikilizisha.

"Sioni tatizo, afande," Sajini alisema. "Shahidi mzuri ni mwenye undani. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha. Sikukwambia uulize undani wa nani? Ameulizwa juu ya mwanamke anayekufa, yeye anasimulia mwanamume anavyokula."

"Labda anampenda."

"Anayependa husimulia akitabasamu. Huyu anasoma orodha ya madai. Huyu ana wivu."

"Umejuaje?"

Inspekta akaigeuza kalamu nyekundu mezani. Alijua kwa sababu alikuwa anajua kwamba Sajini hanywi chai yenye sukari. Alijua viatu vyake vipya vilinunuliwa mwisho wa mwezi. Alijua ni ripoti zake zipi Mkuu alizichukua mwenyewe mezani na zipi zilipelekwa na karani, na alijua hivyo kwa sababu hupunguza mwendo kila apitapo nje ya ofisi ya Mkuu. Na angeulizwa mke wake alivaa nini asubuhi hiyo mlangoni akimuaga, naye angesema nguo ya kawaida.

"Nimekaa kazini muda mrefu," akajibu.

"Afande, kwa heshima zote, mahakama haipokei hisia."

"Ndiyo maana naenda na mikono yangu."

Karakana ya Mama Gauni ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, chini duka, juu kazi. Sanamu za kuvalisha magauni zilijipanga ukutani bila vichwa. Ngazi zilikuwa zimesuguliwa kwa sabuni. Juu, kando ya dirisha kubwa, palikuwa na meza pana ya kukatia, na Bi Mkasi alikuwa ameinama hapo, mkasi mkononi, shela nyeupe imetandazwa mbele yake.

"Karibu, kaka. Kazi haingoji mgonjwa," alisema bila kusimama. "Maharusi wana tarehe zao."

"Pole na msukosuko, dada yangu. Meza nzuri hii. Mwanga wote uko hapa."

"Mwanga ni kila kitu kwa mkataji."

"Ni yako?"

"Ni ya kazi."

"Mgeni alikuwa anakatia wapi?"

Mkasi ukasita kidogo. "Hapa."

"Na kabla ya Mgeni?"

"Mimi." Akakata tena, mstari mnyoofu kabisa. "Mama alisema macho ya kijana yana haraka. Mimi nikahamishiwa kule pembeni, karibu na choo. Sikusema kitu. Mimi si mtu wa maneno."

"Maneno yako nimeyasikiliza asubuhi yote, dada. Unamjua kijana yule kuliko mama yake."

"Tulifanya kazi pamoja. Mtu ana macho."

Inspekta akanyamaza. Akatazama nje, akatazama sanamu, akaacha kimya kikae kati yao kama mgeni wa tatu. Kwa watu wengi ilitosha. Bi Mkasi yeye alikata shela mpaka mwisho, akaikunja, hakusema neno.

"Nionyeshe mlango wa nyuma," Inspekta akasema hatimaye.

"Niliwaambia wenzako. Haufunguki. Kutu imekula bawaba tangu ile mvua kubwa. Tumeshausahau."

"Waliandika hivyo."

"Sasa?"

"Sasa nimekuja kuugusa."

Hakuna aliyekuwa ameugusa. Sajini alikuwa amesoma kwamba haufunguki, Msaidizi akasoma kwamba haufunguki, na shahidi kuaminika kwake ni juu sana. Ulikuwa nyuma ya marobota ya vitambaa, chini ya ngazi, mlango wa bati uliochunika rangi, kutu imeutambaa juu hadi chini. Hata Inspekta alipouona moyo ulimshuka. Akaweka kiganja, akasukuma.

Mlango ukafunguka bila kulia hata kidogo. Nje palikuwa na kichochoro, paka mmoja na mapipa ya taka.

Inspekta akapitisha kidole kwenye bawaba, akakinusa. Mafuta mepesi, ya cherehani.

Nyuma yake Bi Mkasi alikuwa ameshuka ngazi nusu. "Atakuwa ni Mgeni," alisema haraka, kwa mara ya kwanza haraka. "Hupitia huku kwenda kuvuta sigara."

"Kwenye mlango usiofunguka?"

Bi Mkasi akarudi nyuma ngazi moja. Inspekta hakumbana. Mafuta hayana jina, na wakili yeyote angeweza kusema kijana ndiye aliyeyapaka. Alihitaji kumwona mtu akipita kwenye kichochoro kile siku ile. Akakizunguka mwenyewe, duka la matairi, nyumba ya kulala wageni, ghala la saruji, akibembeleza kila mwenye kamera, na akarudi kituoni na picha za kamera zote kwenye flashi moja, akiwa amelowa jasho na amefurahi kwa namna mbaya. Ameshaiona sura ya Mkuu atakapoambiwa kwamba mashine ilipitwa na kidole cha mtu.

Ndiyo maana hakuipeleka flashi kwa Sajini. Aliichomeka kwenye kompyuta yake, akaanza kutazama kwa macho yake mawili.

Alitafuta mwanamke mwenye gauni la njano, kwa kuwa kamera ya duka la dawa ilimwonyesha Bi Mkasi akitoka na gauni la njano. Wakapita watoto, mikokoteni, wauza mboga, mlevi, mbwa. Kamera moja ilikuwa na vumbi, nyingine ilitazama chini mno. Macho yakaanza kumwaga machozi. Sajini akachungulia mlangoni.

"Afande, nilete Msaidizi? Ni kazi yake hasa hiyo."

"Niache."

"Muda, afande."

"Nimesema niache, binti."

Akaondoka. Inspekta akaendelea, akirudisha nyuma, akipeleka mbele, mpaka picha zote zikawa picha moja. Akatoka kunawa uso. Kwenye benchi la korido alikuwa amekaa mama wa Mgeni. Mapajani kwake alishika shati jeupe lililopigwa pasi, amelishika kwa vidole vya pembeni lisikunjike.

"Afande," mama yule alisema akiinuka. "Mwanangu hili shati analivalia wapi? Mahakamani au nyumbani?"

Inspekta akaangalia saa ya ukutani, akaona jinsi alivyochezea muda wa mtoto wa watu. Hapo ndipo aliposikia aibu, aibu kamili. Kijana alikuwa anakwenda gerezani ili mzee mmoja apate la kujivunia.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Akachomoa flashi, akaenda mpaka mezani kwa Sajini, akaiweka.

"Nisaidie," akasema. Neno lilitoka kama jino.

Sajini hakutabasamu, na safari hii Inspekta alimshukuru kimoyomoyo. Aliichomeka, akaanza kuandika: Mtafute Mgeni.

"La. Huyo ameshatafutwa mpaka basi. Mtafute shahidi wetu."

Vidole vya Sajini vikasimama hewani. "Sikuwahi kumuuliza Msaidizi juu yake," alisema polepole. "Nilimuuliza kama Mgeni alitoka. Sikuuliza nani mwingine aliingia."

"Hata mimi muda wote huu nimemtafuta kwa gauni. Uliza mtu, usiulize nguo."

Hawakungoja sana. Kwenye kioo ikatokea picha ya kichochoro: mwanamke mwenye koti jeusi, kitambaa kichwani, ameinamisha uso. Msaidizi aliandika kwamba mwendo unafanana na wa yule aliyetoka mlango wa mbele, yawezekana sana. Mwanamke yule akaonyeshwa akiingia mlango wa bati, na baadaye akitoka, safari hii mbio.

"Huyu nimempita mara mbili," Inspekta alisema. Alitaka kuliacha hilo moyoni lakini likatoka. "Nilidhani muuza mboga."

Sajini akanyoosha mkono kuchapa picha.

"Ngoja. Yawezekana sana si ndiyo. Kuza hapo kwenye kikapu."

Wakaangalia wote wawili, vichwa vimekaribiana. Mpini wa kikapu ulikuwa umekatika na kufungwa kwa utepe mweupe wa harusi, fundo la kipepeo. Wakarudi kwenye picha ya duka la dawa: gauni la njano, kikapu kilekile, fundo lilelile.

"Msaidizi amesema mwendo," Sajini alisema. "Wewe unasema utepe."

"Viandike vyote viwili. Na mpigie mwendesha mashtaka simu, asimamishe."

Bi Mkasi aliletwa kituoni na koti jeusi lililokutwa kichochoroni, nyuma ya mapipa. Hakubisha. Alizitazama zile picha mbili zilizowekwa mbele yake, kisha akazigeuza kichwa chini.

"Sikwenda kumuua," alisema. "Nilisahau kifungo cha mfano, nikarudi. Nikapita nyuma kama kawaida yangu."

"Kawaida yako?" Sajini akauliza.

"Huwa naaga, natoka mbele, narudi kwa nyuma. Nilipaka mafuta mwenyewe ili mlango usilie. Koti naliacha kichochoroni. Nasimama chini ya ngazi, nasikiliza wanavyonisema nikiwa sipo."

"Walikuwa wanasema nini?" Inspekta aliuliza, na alitaka kujua kweli.

"Hakuna." Akazisogeza zile picha pembeni. "Miezi yote hiyo, kaka. Wanazungumza hariri, wanazungumza maharusi, wanacheka. Sijatajwa hata siku moja. Hata kwa ubaya. Siku ile nikapanda, nikamkuta Mama juu ya ngazi, kijana yuko kwenye pasi na redio yake. Nikamuuliza, mimi ni nani hapa? Akasema, nipishe, gauni la watu linasubiri. Nikamshika bega. Akajivuta, nikamsukuma. Futi ya kijana, niliyoitupa ngazini, ilikuwa kwenye msumari. Msumari wa pili."

Sajini aliandika mwenyewe, kwa mkono. Hakuwasha chochote zaidi ya rekodi.

Inspekta alipotoka naye, korido ilikuwa imejaa. Wasichana wa cherehani walikuwa wamekuja wote, na Mgeni alikuwa katikati yao, ndiyo kwanza ametolewa, mama yake anamvika lile shati palepale mbele ya watu, anafunga vifungo huku analia na kucheka. Kila mtu alitaka kumgusa. Upande wa pili, nyuma ya kioo cha ofisi, Mkuu alikuwa anampigapiga Sajini begani. Midomo ya Sajini ilikuwa inaeleza jambo, kichwa kinakataa, kidole kinaonyesha koridoni, lakini Mkuu alikuwa anaiangalia kompyuta na kuchekelea.

Bi Mkasi alisimama, pingu mikononi, akiwatazama wenzake aliofanya nao kazi miaka yote. Hakuna aliyegeuka, hata wa kumtukana.

"Unaona?" alimwambia Inspekta. "Nimemsukuma mimi. Nimekamatwa mimi. Na bado anayeangaliwa ni yeye."

Alingoja jibu. Akageuza uso, akamkuta Inspekta amekaza macho kwenye kioo cha ofisi, shingo imenyooka, pumzi ameishika ili asikie kinachosemwa ndani.

"Hata wewe," Bi Mkasi akasema, "huniangalii."